Kabaka Mutesa na Gari la Enzi

Sisi tuliolinda barabara ya Kasese hadi Bwera tumeona magari ya kila namna yakipita chini ya Milima ya Rwenzori. Tumemwona pia mwenye shamba la kahawa akinunua gari dogo la kung'aa, ilhali pikapu ingembebea magunia yake. Wengi humcheka. Kabla ya kumcheka, tutazame maisha ya hayati Sir Edward Mutesa wa Pili.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1924, akasimikwa Kabaka wa Buganda mwaka 1942, akasoma Cambridge na kupewa cheo cha kapteni katika kikosi cha Grenadier Guards. Mwaka 1953 Gavana Cohen alimfukuza nchini. Mwaka 1955 alirejea kwa shangwe. Mwaka 1963 akawa Rais wa kwanza wa Uganda.

Mfalme huyo alikuwa na Rolls-Royce. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi, na Land Rover ingalifaa zaidi kwa gharama ndogo. Lakini, kwa maoni yetu, gari lile lilikuwa kama ngoma na mkuki wa enzi: raia aliyesimama kando ya njia alijua mara moja ni nani apitaye. Siku zizo hizo, katika milima iliyo juu ya Bwera, Isaya Mukirane, aliyetangaza kujitenga kwa Rwenzururu tarehe 30 Juni 1962, aliongoza watu mahali ambapo hupandwa kwa miguu tu.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote, chini ya Idi Amin, yalishambulia Lubiri. Mvua kubwa ikinyesha, Kabaka alipanda ukuta, akashuka nje na kusimamisha teksi iliyokuwa ikipita. Baadaye alisafiri kwa siri, sehemu kubwa kwa miguu, akavuka mpaka wa magharibi kuingia Kongo, kisha Burundi, na hatimaye London. Rolls-Royce iliteketea, mabaki yake yameonyeshwa kwa wageni wanaozuru Lubiri. Alifariki London tarehe 21 Novemba 1969, akiwa hana mali. Mwaka 1971 mwili wake ulirudishwa nyumbani na serikali ya Amin yule yule, ukazikwa Kasubi.

Askari wenzetu, mtu hachagui gari kwa hesabu ya mafuta na magunia peke yake; huchagua pia jinsi atakavyo kuonekana. Hilo si kosa. Lakini waliomsaidia Kabaka kufika mpakani hawakumsaidia kwa ajili ya Rolls-Royce. Tulikumbuke hilo tunapohesabu mshahara.