Ole Kirk Christiansen: Seremala Aliyeunguliwa Karakana Mara Mbili, Kisha Akatupatia LEGO

Ushawahi kanyaga LEGO usiku na miguu tupu? Basi unajua huo si mchezo. Lakini mzee aliyeanzisha hiyo kitu alipitia moto mbaya zaidi, tena moto wa ukweli.

Ole Kirk Christiansen alizaliwa 1891 huko Jutland, Denmark. Alikuwa seremala, na mwaka wa 1916 akanunua karakana katika kijiji cha Billund.

Mwaka wa 1924 wanawe wawili walichezea moto ndani ya karakana. Maranda yakashika, nyumba na karakana zote zikaenda. Jamaa akajenga upya.

Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, watu wakakosa doo za kujenga. Mwaka wa 1932 akaanza kuunda vitu vidogo vidogo vikiwemo toi za mbao. Mwaka huo huo mkewe, Kristine, akaaga dunia na kumwachia vijana wanne.

Hata akiwa amesota, mzee hakutaka kazi ya kulipua. Siku moja kijana wake Godtfred alikuja na raha ati ameokoa chapaa: bata wa mbao walipakwa vanishi mara mbili badala ya tatu. Mzee hakucheka. Alimtuma arudishe bata wote kutoka stesheni ya treni, na kijana akakesha akiwapaka tena.

Mwaka wa 1942 kiwanda kikaungua tena. Wengi wangeachia hapo. Yeye, 1946, akaagiza mashine ya plastiki kutoka Uingereza kwa krona 30,000, pesa ndefu sana kwa kampuni ndogo ya kijijini.

Mashine yenyewe inafanya hivi: punje za plastiki zinayeyushwa, zinasukumwa kwa presha ndani ya kalibu ya chuma, zinapoa, toi inatoka. Inakaa rahisi, lakini ukichora toi vibaya imekula kwako. Sehemu nene hupoa polepole, halafu inabonyea. Ndiyo maana tofali la LEGO lina kuta nyembamba na ndani ni tupu.

Wazo la tofali lilitoka kwa Mwingereza Hilary Page, aliyekuwa ashaunda ya kwake. LEGO wakaanza kuuza yao 1949. Shida ikawa ule utupu: tofali halikuwa na kitu ndani cha kushika vinundu vya lile la chini, kwa hivyo mtoi akijenga nyumba, ukiitingisha kidogo, chali.

Dawa ikapatikana chini ya Godtfred, yule yule wa bata. Waliweka vibomba ndani ya tofali, ili kila kinundu kibanwe kati ya kibomba na ukuta. Linashika vizuri, na bado mtoto analiachanisha kwa vidole. Ombi la hataza likawasilishwa Januari 28, 1958.

Mzee akafariki Machi 11 mwaka huo huo, wiki sita tu baadaye. Hakuona toi yake ikizunguka dunia.

Lakini tofali la 1958 bado linashikana na la leo. Kwa hivyo ukikanyaga lingine, kabla hujalitupa, ligeuze uangalie chini. Hapo ndipo kazi yote iko.