Mzee wa Betheli na Taratibu ya Siku

Jina la Betheli si geni kwetu hapa Rwamishenye, wala katika Buhaya yote, maana wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Lakini si wote wamjuao mzee aliyeilea Betheli hiyo, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Twaeleza habari zake, hasa jinsi alivyoipa sala, kazi na pumziko kila kimoja sehemu yake katika siku.

Alizaliwa Tecklenburg, katika Ujerumani, tarehe 6 Machi 1831. Katika ujana alijifunza ukulima. Baadaye akasoma elimu ya uchungaji, akitamani kuipeleka Injili nchi za mbali. Njia yake ikawa nyingine. Tangu 1858 aliwatumikia Wajerumani maskini mjini Paris, wafagiaji wa njia na vibarua. Kisha 1864 akapewa usharika wa Dellwig. Huko msiba mkubwa ulimpata: mwezi wa Januari 1869 watoto wake wote wanne walikufa katika muda wa majuma mawili. Huzuni ile haikumfanya mgumu, bali ilimfundisha kuwahurumia wenye kuteswa.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld, aisimamie nyumba ya wenye kifafa iliyoanzishwa mwaka 1867. Zamani hizo wagonjwa wa namna hiyo wengi walifichwa nyumbani, wakikaa bure toka asubuhi hata jioni. Bodelschwingh aliona ya kuwa kukaa bure ni ugonjwa wa pili, nao huila roho. Basi aliwapa kazi, kila mtu kwa kadiri ya nguvu zake: huyu bustanini, huyu kwa seremala, huyu penye matofali. Wala hakuwatia katika utumwa wa kazi. Neno la Mungu na sala vilikuwa na saa zao. Aliyeshikwa na ugonjwa alilazwa na kutunzwa. Na Jumapili ilikuwa siku ya Bwana. Hata watu wasio na kazi, waliotangatanga njiani wakiomba, aliwafungulia kijiji cha Wilhelmsdorf mwaka 1882, wapate kulima na kula jasho lao. Akafariki tarehe 2 Aprili 1910, mwaka ule ule Betheli ilipotuma watu wake kwetu.

Ndugu, na tuzitazame siku zetu. Yuko mtu ambaye jua humkuta penye rubisi na kumwacha papo hapo, na kibanja chake kimeota magugu. Yuko na mwalimu wa kanisa ashindaye shuleni, akawazuru wagonjwa, akaamua mashauri ya watu hata usiku. Naye mwenyewe hasali, na watoto wake wamemsahau sura. Wa kwanza twamlaumu upesi. Wa pili twamsifu. Walakini siku za wote wawili zimepinda, na huyo wa pili huanguka ghafula, na kazi yake huanguka pamoja naye.

Basi, kabla ya kushika jembe, tusali pamoja na watu wa nyumbani. Tufanye kazi ya kutosha nguvu zetu, si ya kuzimaliza. Jua likizama, tukae na watoto wetu, tule nao, tuwasikilize. Kisha tulale pasipo hofu, maana Mungu hasinzii.