Emily Ruete

Emily Ruete (jina la kuzaliwa: Sayyida Salme binti Said, 30 Agosti 1844 – 29 Februari 1924) alikuwa binti wa Said bin Sultan, Sultani wa Omani na Zanzibar. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar, na mwaka uliofuata alihamia Ujerumani, alikoishi kama mke wa mfanyabiashara, kisha kama mjane, mwalimu wa lugha na mwandishi. Anajulikana hasa kwa kitabu cha kumbukumbu zake kilichotolewa mwaka 1886, ambacho hutajwa kuwa miongoni mwa tawasifu za kwanza kuchapishwa na mwanamke Mwarabu.

Utoto na ujana

Salme alizaliwa katika kasri la Bet il Mtoni, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Sultani na asili yake ilikuwa Kaukazi. Nyumbani watoto wa kasri walisikia Kiarabu na Kiswahili pamoja na lugha nyingine za watu walioishi humo.

Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulikuja kubadili maisha yake mara mbili: kwanza ulimwingiza katika siasa, na miaka mingi baadaye ulimsaidia kupata riziki ugenini.

Baba yake alifariki mwaka 1856, na Salme akarithi fedha na shamba. Mwaka 1859 mama yake naye alifariki kwa kipindupindu. Mwaka huohuo kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani. Salme, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, aliwaandikia waasi barua. Jaribio lilishindwa na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, jambo lililowaudhi ndugu waliokuwa upande wa Barghash.

Kuondoka Zanzibar

Akiishi mjini, Salme alifahamiana na jirani yake Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Wakapendana, naye akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, uhusiano wa namna hiyo na mwanamume Mkristo ulikuwa aibu kubwa kwa ukoo, na maisha yake yalikuwa hatarini.

Mwezi Agosti 1866 alitoroka kwa msaada wa Waingereza na kupanda manowari yao Highflyer hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, Heinrich. Ruete alibaki Zanzibar kwa miezi kadhaa kumaliza shughuli zake. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Ruete siku hiyohiyo, na wakaanza safari ya kwenda Ulaya. Mtoto wao alifariki njiani, kabla hawajafika Hamburg.

Maisha ya Hamburg

Emily alifika Hamburg akiwa hajui Kijerumani. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili, na mume alipokwenda kazini hakukuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Ilimbidi kuzoea nguo za Kizungu, baridi, siku fupi za majira ya baridi na nyumba zilizofungwa milango. Zanzibar alikuwa amezoea baraza na nyumba zilizojaa watu. Mjini Hamburg watu walimtazama kama kitu cha ajabu, na mialiko mingi aliyopata ilitokana na udadisi wao. Barua alizoandika kuhusu miaka hiyo zinaonyesha pia kwamba dini yake mpya ilimpa shida, kwa sababu alikuwa ameipokea bila kuielewa vizuri.

Hata hivyo alijifunza lugha na kuendesha nyumba yake. Walizaliwa watoto watatu: Antonie Thawka (1868), Rudolph Said (1869) na Rosalie Ghuza (1870). Kila mmoja alikuwa na jina la Kijerumani na la Kiarabu.

Ujane na kazi

Mwezi Agosti 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu ya farasi. Rosalie alikuwa bado mtoto mchanga. Miaka mitatu tu baada ya kufika, Emily alikuwa mjane katika nchi ya kigeni. Mali ya mumewe iliwekwa chini ya wasimamizi kwa mujibu wa sheria, na urithi wake wa Zanzibar haukumfikia kwa kuwa alikuwa amebadili dini na kuondoka.

Fedha zilipopungua alihama Hamburg, akaishi kwa nyakati tofauti Dresden, Rudolstadt, Berlin na Köln. Alipata kipato kwa kufundisha Kiarabu. Alikusudia watoto wake wasome Ujerumani, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kubaki huko.

Majaribio ya kurudi

Majid alifariki mwezi Oktoba 1870, na Barghash akawa Sultani. Barghash alipotembelea London mwaka 1875, Emily alikwenda huko ili wapatane, lakini hawakuonana. Waingereza hawakutaka suala lake livuruge mazungumzo yao na Sultani.

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na watoto wake akisindikizwa na meli za kivita za Ujerumani. Wakati huo Ujerumani iligombania maeneo ya bara na Sultani, na serikali ya Bismarck iliona dai la urithi wa Emily linafaa kumshinikiza. Watu wengi mjini walimlaki kwa furaha, lakini kaka yake alikataa kumpokea. Mara tu Wajerumani walipopata walichotaka, dai lake liliachwa. Alijaribu tena mwaka 1888 bila mafanikio.

Miaka ya mwisho

Baada ya safari hiyo aliishi Jaffa na kisha Beirut hadi mwaka 1914, aliporudi Ujerumani. Alifariki mjini Jena na kuzikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kwenye kaburi la ukoo wa Ruete. Miongoni mwa vitu alivyoacha kulikuwa na mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Maandishi na urithi

Kumbukumbu zake zilitolewa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888. Zinaeleza maisha ya ndani ya kasri, elimu, ndoa, mavazi na sikukuu, mambo ambayo wageni wa kiume hawakuweza kuyaona. Barua zake kuhusu maisha ya Ujerumani zilichapishwa baada ya kifo chake.

Katika kumbukumbu hizo alitetea utumwa wa Zanzibar, na kwa hilo anakosolewa. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake, lakini baadaye uamuzi huo ulitenguliwa kwa sababu ya maandishi hayo. Zanzibar alitengewa chumba katika makumbusho ya kasri, Mji Mkongwe. Mwanawe Rudolph Said-Ruete aliandika kitabu kuhusu babu yake, Said bin Sultan, kilichotoka mwaka 1929.