João Saldanha: Mkosoaji Aliyepewa Timu

Mabarazani kwetu kila mpenzi wa kandanda ni kocha: huyu aachwe, yule atiwe. Basi leo nawasimulia João Saldanha wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1917. Alikuwa mwandishi asiyemsaza kocha. Mwaka 1969 akakabidhiwa timu ya taifa. Hapo hapo akataja wachezaji wake 22, na mechi zote 6 za kufuzu akashinda. Rais Médici, jemadari, alimpenda mshambuliaji Dario, Saldanha hakumtia. Machi 1970 akaondolewa. Zagallo akamtia Dario kikosini, asimchezeshe hata mara moja, na Kombe likatwaliwa Mexico. Saldanha akarudia kalamu yake, akafariki Roma mwaka 1990, alikokwenda kwa Kombe la Dunia. Kombe hakulishika, lakini mimi namheshimu: aliyepewa usukani ndiye achaguaye mabaharia.