Ibnu Battuta, Kijana Aliyetoka Tangier

Jina la Ibnu Battuta hapana mwanafunzi katika darasa zetu asiyelisikia. Vijana wakitajiwa jina hili nyuso zao hunawiri, na kila mmoja huanza kuhesabu nchi atakazozitembea akijaaliwa. Hatuwalaumu. Sisi nasi tulikuwa vijana, tukikaa ufukoni kutazama vyombo vikitoka bandarini, na nyoyo zikitoka pamoja navyo. Ila nimeona kuwa wengi wanajua alikofika, na wachache wanajua aliowaacha. Kwa hivyo leo tutaeleza maisha yake, tupite upesi katika yale yanayojulikana, na tukae kidogo katika yale yasiyosimuliwa sana.

Yeye ni Abu Abdillahi Muhammad bin Abdillahi. Alizaliwa Tangier, mji wa Maghribi ulioelekea Andalusi, mwezi 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijra, ndio Februari 1304. Ukoo wao ulikuwa ukitoa makadhi wa madhehebu ya Imamu Malik, naye akasomeshwa fiqhi kama ilivyostahili mtoto wa nyumba ile. Lau angalikaa kwao, angalishika ukadhi kama jamaa zake, na leo asingalikuwapo wa kumtaja.

Mwezi 2 Rajabu mwaka 725, yaani Juni 14, 1325, alitoka kwenda kuhiji. Alikuwa na miaka 21. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Baba yake na mama yake walikuwa hai wote wawili, na mwenyewe amekiri kuwa kuachana nao kulimwumiza yeye na wao. Lakini hamu ya kwenda ilikuwa imekwisha mshika, akaifanyia nguvu nafsi yake akenda.

Njiani alipatwa na homa. Akashauriwa apumzike mpaka apone, akakataa. Ikafika hadi kujifunga juu ya mnyama wake kwa kilemba, asije akaanguka. Alipoingia Tunis watu walitoka kuwapokea wale aliofuatana nao njiani, huyu akimwamkia huyu. Yeye hapana aliyemjua hata akampa salamu. Akalia. Mmoja katika mahujaji akatambua hali yake, akamwendea akamsalimu na kumliwaza kwa mazungumzo mpaka wakaingia mjini. Mimi hunigusa kisa hiki kuliko habari zote za Uchina, kwani ndiyo sura ya kwanza ya ugeni, nayo haielezwi na wale wanaorudi likizoni na mizigo ya zawadi.

Alipofika Misri alikutana na mashekhe wawili. Mmoja, Burhanuddin wa Iskandaria, alimwona jinsi alivyopenda kutembea, akamwagiza awasalimie ndugu zake walioko Bara Hindi, Sindi na Uchina. Kabla ya hapo kijana hakuwa na fikira ya kwenda nchi hizo. Kisha akalala juu ya dari ya shekhe wa pili, akaota yu juu ya bawa la ndege mkubwa aliyeruka naye kuelekea kibla, kisha Yemen, kisha mashariki ya mbali. Shekhe akamfasiria kuwa atasafiri sana. Wapo wanaokifanya kisa hiki kuwa ni karama kubwa, na Ibnu Battuta mwenyewe alipenda mno habari za namna hii, akawa akizungukia makaburi na kukusanya ajabu zake. Sisi twatosheka na kusema kuwa mzee mwenye busara akimtazama kijana hutambua aelekeako moyo wake.

Akahiji mwaka 1326. Hapo nia aliyotokea kwao ilikuwa imetimia, na njia ya kurudi ilikuwa wazi. Hakurudi. Alienda Iraki na Ajemi, akarejea Makka, akakaa huko akisoma, tena akashuka Yemen. Alijiwekea sharti kuwa, kila iwezekanapo, asirudie njia aliyokwisha ipita.

Mwaka 1331 alifika pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini tunamshukuru kwa usiku ule. Aliwakuta wazee wetu ni watu wa dini, wafuasi wa Imamu Shafii, chakula chao ndizi na samaki, na nafaka ikiletwa kutoka nje ya kisiwa. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa barabara, na penye milango yake visima, ili anayeingia aoshe miguu kwanza, kwani walikuwa wakienda peku. Kutoka hapo alikwenda Kilwa, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, mtu karimu, aliyevua nguo zake akampa fakiri aliyemwomba njiani.

Baadaye alifika Bara Hindi, na Sultani Muhammad bin Tughluq akamfanya kadhi wa Delhi. Kisha akatumwa ujumbe Uchina, vyombo vyao vikavunjwa na tufani huko Calicut, akaokoka yeye na msala wake. Akawa kadhi katika visiwa vya Maldivi, akioa na kuacha. Wanachuoni wametia shaka baadhi ya maelezo yake, na wana haki. Anadai alimwona Shekhe Ibnu Taymiyya akihutubu Damascus katika Ramadhani ya 726, na hali shekhe huyo alikuwa amekwisha fungwa tangu Shaabani. Lakini hayo hayabatilishi yote.

Sasa tuje kwenye kurudi. Katika safari yake ya kwanza alioa Damascus, akamwacha mkewe na mimba. Alipokuwa Bara Hindi akapata habari kuwa amezaliwa mtoto wa kiume, akapeleka dinari 40 za dhahabu kwa babu wa mtoto. Mwaka 1348 akaingia tena Damascus, akamkuta msikitini imamu wa Kimaliki aliyemjua zamani. Akamsalimu, imamu asimtambue, ikabidi ajitaje. Akamwuliza habari za mwanawe. Akaambiwa amekufa tangu miaka 12. Tena akaambiwa kuwa yupo madrasani mwanachuoni mmoja kutoka Tangier. Akamwendea kuulizia wazee wake. Yule mzee akamwarifu kuwa baba yake amefariki tangu miaka 15, ila mama yake bado yu hai.

Mama yake yu hai! Naye hakushika njia moja kwa moja kumwendea. Mwaka ule tauni kubwa iliingia Sham na Misri, watu wakifa kwa maelfu, na yeye akapita katikati yake salama. Kisha akaenda Makka, akahiji tena. Hija ya faradhi alikwisha itimiza miaka 22 nyuma. Hii ilikuwa sunna, na haki ya mama ni faradhi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimrudisha mtu kwa wazee wake aliyekuja kutaka jihadi. Simhukumu marehemu, kwani sijui udhuru aliokuwa nao mbele ya Mola wake. Nasema tu ilivyokuwa. Mwisho wa 1349, alipofika Taza, mji ulio karibu na kwao, akapokewa na habari kuwa tauni imetangulia na mama yake amekwisha kufa. Alikwenda Tangier akazuru kaburi.

Alitoka tena, Andalusi, kisha Mali. Aliporudi, Sultani wa Fez akaamrisha habari zake ziandikwe. Akawa akisimulia, na Ibnu Juzayy akiandika, mpaka kitabu kikamalizika mwezi 3 Mfungo Tatu mwaka 756, ndio Desemba 1355. Baada ya hapo alifanywa kadhi wa mji mmoja huko huko Maghribi, akaishi humo akihukumu baina ya watu mpaka alipofariki.