Rachel Carson: Mwanasayansi Aliyeishi kwa Kalamu

Miongoni mwa waandishi walioifikisha sayansi kwa msomaji wa kawaida katika karne ya 20, Rachel Louise Carson ana nafasi ya pekee. Alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mamake alimlea katika mapenzi ya vitabu na ya viumbe. Akiwa na umri wa miaka 11, hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la watoto.

Mwaka 1925 alijiunga na chuo cha wanawake mjini Pittsburgh kusomea Kiingereza, kwa nia ya kuwa mwandishi. Huko alivutiwa na biolojia, akabadilisha mkondo wa masomo. Alidhani kwamba kwa kufanya hivyo ameiaga kalamu. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa amepata la kuandika. Mwaka 1932 alipata shahada ya uzamili katika elimu ya wanyama, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lakini ukata ulimlazimu kuacha masomo ya uzamifu mwaka 1934. Mwaka uliofuata babake alifariki, na mzigo wa kuikimu familia ukamwangukia yeye.

Idara ya uvuvi ya serikali ilimpa kibarua cha kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe vya baharini, kisha ikamwajiri rasmi mwaka 1936. Mchana alishughulikia vijitabu vya serikali. Usiku aliandika makala ya kuyauzia magazeti. Utangulizi mmoja aliouandikia idara ulikuwa na ufasaha uliopita mahitaji ya kijitabu, hivyo mkuu wake akamshauri aupeleke kwa jarida la Atlantic Monthly. Ulichapishwa mwaka 1937 kwa jina la R. L. Carson, ambalo halikumwonyesha msomaji kama mwandishi alikuwa mwanamume au mwanamke.

Njia hiyo haikuwa nyepesi. Kitabu chake cha kwanza, Under the Sea-Wind, kilitoka Novemba 1941. Mwezi uliofuata Marekani iliingia vitani, na kitabu kikasahaulika baada ya kuuza nakala zisizotimia 2,000. Carson hakukata tamaa. Aliendelea kusoma tafiti, kuwaandikia wataalamu barua za kuulizia mambo, na kusahihisha kila aya mara kadhaa. Mwaka 1951 alitoa The Sea Around Us, kitabu kilichodumu wiki 86 katika orodha ya vitabu vinavyonunuliwa zaidi. Mwaka 1952, baada ya miaka 16 ya ajira, alijiuzulu ili aishi kwa kalamu pekee.

Thamani ya uhuru huo ilidhihirika miaka kumi baadaye. Tangu mwaka 1945 alikuwa ametaka kuandika kuhusu madhara ya dawa ya DDT, lakini jarida alilolipelekea wazo hilo lililikataa. Sasa aliweza kutumia miaka kadhaa kulitafiti, japo alikuwa akiugua saratani. Silent Spring ilichapishwa mwaka 1962, ikiwa na zaidi ya kurasa 50 za marejeleo. Hakudai kwamba dawa zote za wadudu zipigwe marufuku. Alipinga matumizi yake ya kiholela. Hata hivyo, watengenezaji wa kemikali walimshambulia vikali. Ila hakuwa na mwajiri wa kutishwa wala mshahara wa kukatwa, na wingi wa ushahidi wake haukuwa rahisi kupanguliwa. Mwaka 1963 kamati ya washauri wa sayansi ya Rais Kennedy iliunga mkono sehemu kubwa ya hoja zake.

Carson alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Hakuishi kuona Marekani ikipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: usiku mwingi alioutumia kuandika baada ya kazi ya mchana ndio uliomnunulia uhuru wa kusema alichokijua wakati kilipohitaji kusemwa.