John Akii-Bua: Bingwa aliyekuwa mkimbizi, na wadhamini waliomkumbuka

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na katika mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, Kiswahili huwaunganisha watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wengi wao walikuwa na jina na kazi huko walikotoka. Uganda yenyewe iliwahi kuwa na mtu wa namna hiyo, tena bingwa wa dunia nzima.

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, katika familia yenye watoto zaidi ya 40 wa baba mmoja. Akiwa kijana alijiunga na polisi, na huko ndiko kipaji chake cha riadha kilikoonekana. Chini ya kocha Mwingereza Malcolm Arnold, alijifunza mbio za mita 400 kuruka viunzi.

Septemba 1972, mjini Munich, alikimbia katika njia ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akiwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki, na taifa lilisubiri miaka 40 kupata nyingine.

Rais Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba. Lakini Walango wenzake wengi walikuwa wakiteswa na kuuawa na utawala huohuo. Mwaka 1976 mataifa ya Afrika yalisusia michezo ya Montreal, na Mmarekani Edwin Moses akaivunja rekodi yake.

Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, Akii-Bua alihofia kuhesabiwa kuwa mshirika wake. Akakimbilia Kenya pamoja na familia yake, akajikuta katika kambi ya wakimbizi.

Aliyemtoa humo ni kampuni ya Puma ya Ujerumani, iliyokuwa ikimtengenezea viatu. Ilimpeleka Ujerumani na kumpa kazi kwa miaka kadhaa. Wakati huo hakuwa tena na rekodi wala taji la kuuzia viatu, na jina lake nyumbani lilikuwa limetiwa shaka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Uaminifu wa wadhamini haufuati kanuni moja. Katika kashfa za dawa za kuongeza nguvu, Nike ilimwacha mwendesha baiskeli Lance Armstrong mwaka 2012, lakini mwaka 2015 ikaingia mkataba upya na mwanariadha Justin Gatlin, aliyewahi kufungiwa mara mbili. Mara nyingi kinachopimwa ni faida na hasara ya jina. Akii-Bua hakuwa na kosa la michezo la kusamehewa. Alihitaji tu mtu wa kumkumbuka pale ambapo kumkumbuka hakukuwa na faida kubwa.

Baadaye alirejea Uganda akawa kocha. Alifariki Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Nchi iliyomzika kwa heshima hiyo ndiyo aliyoikimbia miaka 18 kabla, akiwa bado bingwa wake pekee wa Olimpiki.